Mbuzi Aliyebaki Nje ya Picha

Mbuzi akishaingia ndani ya filamu, nyama yake haiivi tena. Unaweza kuipika tangu jogoo la kwanza mpaka kuku warudi kulala, ukamaliza kuni za msitu mzima wa Ngandja, na bado itakuwa inakutazama tu kutoka ndani ya sufuria. Jambo hilo nililiamini kama ninavyoamini kwamba ziwa lina maji, na nilikuwa na sababu, maana nilikuwepo. Walikuja wageni wa mjini kupiga filamu ya paa jipya la kanisa letu hapa Baraka. Mbuzi wa sherehe alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya ua, akitafuna ganda la ndizi bila kumkosea mtu, na mmoja wa wageni, kijana aliyevaa kofia kisogoni, akamwelekezea kamera kwa muda mrefu kama anampiga picha ya pasipoti. Kisha Mama Nyota, mke wa katekista, akamtia sufuriani. Tukangoja. Jua likaenda kujificha nyuma ya milima, tukangoja. Nyama ilipofika nikauma kipande changu, nacho kikaniuma. Wageni walimeza vipande vizimavizima kama bata, wakashukuru kwa Kifaransa, wakapanda gari. Mwalimu Wilondja, mdogo wa katekista, aliyekaa karibu yangu, alikula sombe tu, ile mboga ya majani ya muhogo, huku ameinamia sahani. Kabla ya giza kuingia habari ilikuwa imefika Nundu, kesho yake ilikuwa Fizi, na sina shaka kwamba juma lile halikwisha kabla wafugaji wa Minembwe hawajaanza kuwafunika ng'ombe wao mashuka.

Nimeyakumbuka haya juzi kwenye matanga ya huyohuyo Mwalimu Wilondja. Tulikuwa tumekaa chini ya turubai, sisi wanafunzi wake wa zamani, upande wa wanaume, tukisogezasogeza viti vya plastiki kufuata kivuli. Mbele yetu palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe na picha yake, ile aliyopigwa akiwa na chaki sikioni. Nyuma ya nyumba bamama walikuwa wanapika, na binti mmoja wa ukoo, mwenye simu kubwa kuliko kiganja chake, alikuwa anazunguka akipiga video za kuwatumia ndugu walioko mbali. Alipofika kwa mbuzi aliyekuwa anangoja zamu yake, akainua simu. Sikujua kama nimesimama. Nilijikuta tu ninapiga kelele, mtu mzima mwenye mvi na suruali ya heshima: "We mama, weka simu! Unataka watu wale nini leo?" Turubai lote likanigeukia. Kisha Sifa, aliyekuwa upande wa wanawake, akaanza kucheka ndani ya kitenge chake, na Ndayi, aliyekuja kwa pikipiki kutoka Lusenda, akajipiga paja. Hao wawili walijua. Wengine wote ikabidi niwasimulie, na nikishaanza kusimulia, hata marehemu hawezi kunizuia.

Mwaka ule wa paa la kanisa tulikuwa watu wa masomo ya mangaribi. Mchana nilibeba madumu ya mawese kwenye bandari ya mitumbwi, na jua likipungua makali niliosha miguu ziwani, nikavaa shati la pili, nikaingia darasani kwenye shule ya msingi waliyotuazima. Madawati yalikuwa ya watoto. Ukikaa, magoti yanagusa masikio, na ukitaka kunyoosha mkono kuuliza swali lazima kwanza uuchomoe kutoka katikati ya miguu yako. Taa moja ya sola ilining'inia kwenye msumari juu ya ubao. Chumba kilinukia mafuta, samaki, jasho na sabuni, kila mtu na kazi yake. Watoto wa mtaa walituchungulia dirishani wakituita "babu wa darasa la kwanza," na mimi nilikuwa bado sijaota hata ndevu za kutosha. Sifa alikuwa fundi cherehani sokoni, msichana wa maneno machache na sindano nyingi, daima zimechomekwa kwenye kola. Ndayi alikuwa amevuka na wazazi wake kutoka Burundi, wakapewa hema kambini Lusenda, naye akapata kazi ya kuchajisha simu za watu hapa Baraka. Simu za mji mzima zilipita mikononi mwake, lakini yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa na kamera nzuri kuliko zote, na aliibeba kifuani ndani ya soksi.

Mwalimu aliingia siku moja bila vitabu. Akasema, "Mumeandika insha za kutosha. Mwaka huu kazi ya mwisho mutaonyesha. Filamu moja, darasa nzima. Nitaiona mimi, wataiona wazazi, ataiona inspekta. Ikikosekana, cheti hakuna, mutarudia mwaka." Kurudia mwaka! Wengine walilalamika kwa sababu ya kuchoka. Mimi niliona mgongo wangu. Bila cheti kile nisingepokelewa kwenye masomo ya ualimu, na kwenye bandari ile nilikuwa nimewaona wazee waliobeba madumu mpaka wakawa na umbo la dumu. Nikaapa moyoni kwamba filamu itakuwepo, hata kama nitaichora kwa mkaa ukutani, plani moja baada ya nyingine. Plani ndiyo neno tulilofundishwa: kipande kimoja cha picha, tangu simu inapowashwa mpaka inapozimwa. Nikachaguliwa mkuu wa vyombo na plani, maana nilikuwa na sauti kubwa na nilijua nyumba zote za kuazima vitu.

Hadithi aliitunga Sifa. Aliisoma amesimama, macho kwenye kucha zake. Msichana yuko shuleni. Anarudi anakuta mbuzi amefungwa uani, mahari ya kwanza kutoka kwa mtu asiyemjua, na baba anamwambia shule imekwisha. Msichana hajibu. Anamfungua mbuzi, anamshika kamba, anatembea naye mpaka nyumbani kwa yule bwana, anamrudisha. Basi. Darasa lote lilisogea mbele, na nje watoto wakasahau kutuzomea dirishani. Mimi peke yangu nilikuwa ninahesabu kichwani jinsi mbuzi alivyojaa ndani ya hadithi ile: yuko mwanzo, yuko katikati, yuko njia nzima, yuko mwisho.

Vyombo vingine nilivipata kwa mdomo tu. Kiti cha baba nilikiazima kwa kinyozi, ambaye wateja wake walinyolewa juma zima wamesimama. Tumbo la baba lilikuwa mto wa kulalia. Redio ya bwana harusi ilikuwa ganda tupu, matumbo yake yalikuwa yameng'olewa zamani, nami niliimba ndani yake nikiwa nimejificha nyuma ya kiti. Mbuzi wa kuazimika alikuwa mmoja tu: wa Mama Sifa, jike jeusi lenye doa, aliyekuwa anatunzwa kwa ajili ya mahari ya kaka yake Sifa. Ukoo wa bibi harusi ulikuwa Fizi, na ulikuwa umeshasema wazi unataka mbuzi wa maana. Tulimkuta Mama Sifa anasonga bugali. Akatukaribisha, akatuwekea na ndagala, samaki wadogo wa ziwani, za mawese, na kwa heshima tukala kwanza.

"Mbuzi ya mahari ya mutoto wangu?" akasema tulipomweleza. "Ndani ya simu?"

"Siku kidogo tu, mama," Sifa akasema.

"Ndiyo nyama ikatae kuiva, ba Fizi banirudishie sufuria na bibi harusi yao?"

"Mama, utatukosesha cheti."

"Cheti kinapikwa na sombe?" Akageukia kwangu. "Na weye Asukulu, ulikula ile nyama ya kanisa. Sema kweli."

Nikaweka tonge chini. "Mama, meno yangu ya nyuma hayajasahau mpaka leo."

Sifa alinitazama kana kwamba atanitoboa macho kwa sindano. Lakini nilikuwa ninasema ninachokijua. Mama Sifa akafikiri, akageuza mwiko, na mwishoni akasema: "Muikamate. Itembee, ilie, ifanye yote. Lakini isionekane. Hata pembe. Nikisikia imeonekana, utaoa weye huyo muke wa Fizi, na utatoa mahari yako."

Jioni ile darasani ilikuwa vita. Ndayi alisimama juu ya dawati. "Filamu ya mbuzi bila mbuzi! Nyinyi watu wa hapa muko na nini? Ng'ombe za Minembwe banazipiga picha kila siku, zinashuka sokoni, unazikula. Umeshakosa jino?"

"Ng'ombe ni ng'ombe," nikamwambia. "Mi nasema mbuzi."

"Tofauti yake?"

"Ng'ombe ni mkubwa. Picha haimfikii ndani."

Watu walipiga meza. Sifa akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye habishani na nyama, anabishana na mama yake, na mama yake ameshasema. Wote tukamgeukia Mwalimu atoe hukumu. Mwalimu alikuwa ameshikwa na kikohozi. Alitugeuzia mgongo, akafuta ubao uliokuwa msafi tangu asubuhi, akaufuta tena kutoka upande wa pili. Kisha akasema bila kugeuka: "Basi, Asukulu. Kama mbuzi haitaonekana, utuonyeshe namna ya kuiona."

Maneno yale niliyabeba kama dumu. Sikujua hata yanaanza wapi, lakini sikutaka Ndayi aone. Kesho yake nilikwenda kwa seremala, nikaazima fremu ya dirisha isiyo na kioo, na kwa juma zima nilitembea nayo Baraka nzima, uso wangu katikati. Chaji ya simu ya Ndayi ilikuwa ya kuhurumiwa, kwa hiyo kila plani tuliipanga kwanza kwa fremu: mimi ninaishika, Sifa, msichana wa filamu, anasimama ng'ambo, Ndayi anachuchumaa nyuma yangu akipinga. Watu walidhani ninauza dirisha. Mzee mmoja alinifuata mpaka ziwani akinibembeleza nipunguze bei. Lakini fremu ile ilinifundisha kitu ambacho tangu nizaliwe sikuwahi kukiona: kila dirisha lina ukingo, na nje ya ukingo dunia inaendelea. Nikimwambia Sifa atazame chini kulia, nje ya fremu, Ndayi mwenyewe alikuwa anainua shingo kuangalia kuna nini. Nikamwambia, "Umeona? Umeshaitafuta." Akasema, "Nimetafuta ujinga wako." Lakini kesho yake alikuja yeye na wazo la kamba.

Tulijaribu kwanza bila mbuzi. Nilishika mwisho wa kamba nikachuchumaa, nikavuta, nikalia mee kwa kipaji changu chote, mpaka mbuzi wa jirani wakaja kuniangalia. Haikufaa. "Unavuta kama mutu anadai deni," Sifa akasema. Mbuzi hasemi anakwenda wapi. Anavuta, anaacha, anasahau, anavuta upande mwingine. Tena Sifa hakuweza kunitazama mimi kwa uso wa msichana yule. Akiniona alicheka, na hadithi yake haikuwa ya kucheka. Basi mbuzi mwenyewe akaja kazini. Nilichora mstari wa majivu ardhini, pale ukingo wa picha ulipoishia, na sheria ikawa hii: kamba ivuke majivu, mbuzi asivuke. Mtu mmoja alimshika mkia ng'ambo ya mstari. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Tulianza kupiga Jumapili moja baada ya misa na ibada, watu wakiwa wameshiba na barabara ikiwa tulivu. Tukapiga mkono wa Sifa ukifungua fundo. Tukapiga kamba ikijinyoosha mpaka inatetemeka. Tukapiga tawi la muhogo likiingia kwenye picha likiwa na majani na kurudi likiwa kijiti. Kwato tulizipiga baada ya mbuzi kupita, alama zake kwenye mchanga wa ziwa kando ya nyayo za Sifa, na wimbi dogo likaja likalamba zile za mbuzi tu, sijui nani aliliambia. Kila baada ya plani niliuliza, "Imeonekana?" na Ndayi alijibu, "Haijaonekana, mweshimiwa wa mkia." Mikono yangu ilinuka mbuzi mpaka Krismasi. Lakini hakuna mtu aliyesema tuache. Hata mvua ilipotukamata njiani tukajificha chini ya paa la muuza mandazi, tulisimama tukitafuna na kupanga plani ya kesho, fremu imetundikwa shingoni mwangu kama shanga ya jitu.

Siku ya mwisho ilikuwa ya uani kwa bwana harusi wa filamu, na inspekta alikuwa ametangazwa kuja kesho yake. Plani yenyewe ilikuwa rahisi: Sifa anaweka kamba mikononi mwa yule bwana, anageuka, anakwenda. Ndayi akawasha. Sifa akatembea vizuri kupita siku zote, akainua kamba, na hapo kuku mmoja mwenye vifaranga akaamua kupita kati ya miguu ya mbuzi. Mbuzi akaruka. Mkia ukanitoka mikononi kama samaki mwenye ute. Nikaona mstari wa majivu, nikaona kwato zikiuendea, na nikapiga kelele iliyosikika, naapa, mpaka Kigoma ng'ambo ya ziwa: "Chini! Ndayi, chini!" Nikaruka, nikaanguka kifudifudi juu ya majivu. Ndayi, ambaye hakuwa anaamini hata chembe, aliinamisha simu. Baadaye nilimwuliza kwa nini, maana angeweza kupiga tu na mimi nisijue. Alisema, "Tulishavumilia mwezi mzima. Ningeiharibu siku ya mwisho?"

Tulikaa chini sote tukaangalia alichokipata, vichwa vimeshikana juu ya kioo kidogo, chaji ikiwa nyekundu. Simu ilikuwa imeinamia ardhi. Ilionyesha vumbi, miguu ya Sifa imesimama wima, na kamba peke yake ikikimbia chini kama nyoka aliyeitwa nyumbani, ikitoka nje ya picha, ikiacha mchirizi. Kisha miguu ya Sifa ikageuka ikaenda upande wa pili. Sifa alitoa sindano kwenye kola akairudisha palepale. "Tunaacha hivyo," akasema. Na hatukuwa na chaji ya kusema vingine.

Ilionyeshwa kesho yake mangaribi uani kwa shule, juu ya shuka la Mwalimu mwenyewe. Wazazi walikuwepo, inspekta na kofia yake alikuwepo, na wale watoto wa dirishani walikaa mbele kabisa. Tumbo la baba lilipodondoka watu walicheka, hilo nalikubali. Lakini Sifa alipoanza kutembea na ile kamba ua lote liliinua shingo, na ilipokimbia peke yake vumbini nikasikia mama mmoja nyuma yangu akisema taratibu, "Nenda, mama, nenda." Alikuwa Mama Sifa. Tulipomaliza, watu hawakuondoka. Walibaki wakibishana rangi ya mbuzi. Mmoja alisema ni mweupe, mwingine alisema mwekundu na ndevu, na inspekta, aliyetia sahihi vyeti vyetu vyote juu ya goti lake, alinihakikishia kwamba alikuwa dume, kwa sababu alimwona vizuri alipogeuka. Leo ninafundisha kwenye chumba kilekile. Wanafunzi wangu wanapiga video hata za mwiko unaogeuza bugali, na sijawahi kuwakataza, lakini fremu ya seremala ninayo bado, nimeitundika ukutani, na wakiniuliza ni dirisha la kuangalia wapi huwa ninawaambia wasogee wachungulie pembeni yake.

Mbuzi wa Mama Sifa alikwenda Fizi akiwa hajaonekana, na nyama yake iliiva kabla maji hayajachemka. Huo ndio ulikuwa ushahidi wangu, na nimeutumia miaka yote. Ndayi hudai kwamba siku ya kuku, kwa nukta moja, sikio liliingia kwenye picha. Nami nilikwenda Fizi kuulizia, na bibi harusi mwenyewe aliniambia sikio moja lilikuwa gumu kidogo.

Hapo ndipo nilipofika na hadithi yangu juzi, chini ya turubai, watu wakifuta machozi ya kucheka matangani, wakati Mama Nyota alipotokea kutoka jikoni na ungo. Ni mzee sasa, anatembea kwa kujishika kiuno. Alisimama akanitazama.

"Asukulu, na kichwa cheupe hivyo, bado unasema ile maneno?"

"Mama, weye ndiyo ulipika. Unakumbuka. Ile nyama ilikataa."

"Ilikataa juu ya kuni. Kuni zilikuwa mbichi. Mvua ilinyesha juma nzima, moto ukawa moshi tupu, na wageni walikuwa wanataka kupanda gari. Nikapakua vilevile."

Ndayi alishika kichwa kwa mikono miwili. Sifa alisema, "Mama, miaka yote hii! Kwa nini hukusema?"

"Niseme je? Nimuaibishe shemeji yangu?" Mama Nyota akaelekeza mdomo kwenye meza, kwenye ile picha yenye chaki sikioni. "Kuni alileta huyu, Mwalimu wenu. Nilimwambia ni mbichi. Akasema zitawaka tu."